Neema si Kichaka cha Wadaiwa

Leo sileti habari za bumu wala za sapu. Nimekuja na ugomvi, tena ugomvi wa ndani ya nyumba: nagombana na walokole wenzangu wa hapa chuoni, watu ninaokesha nao na kuimba nao. Kwa hiyo mtu asiseme natupa mawe kutoka barabarani.

Kuna kauli imezagaa huku hosteli kama mbu wa masika: "Hatuokolewi kwa matendo." Kauli yenyewe ni ya kweli, naikubali kwa mikono miwili. Shida yangu ni saa inapotamkwa. Mtu akilia usiku kwa kujiona hafai mbele za Mungu, hapo ndipo mahali pake, lakini hapo hamuitamki. Mnaitamka mama ntilie akidai hela yake ya wali maharage wiki ya sita sasa. Mnaitamka mtu akiulizwa kwa nini kaingia na desa kwenye chumba cha mtihani. Mnaitamka kazi ya kikundi ikiandikwa na mtu mmoja halafu juu yake yakajazwa majina saba. Ukigusa tu unaambiwa, "Dada, usinihukumu, mimi niko chini ya neema." Jamani! Neema imegeuzwa kichaka cha kujifichia wadaiwa.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alikwama ada, akawa anafunga begi arudi kijijini. Kikundi kimoja cha maombi, sitakitaja, kilimwombea kwa machozi hadi saa nane usiku. Wiki ile ile wakapitisha mchango wa spika mpya, na mchango ukatimia. Na ada? Wakasema Mungu atafungua mlango. Ndugu zangu, ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwao! Yakobo aliwaona watu hawa mapema. Soma sura ya 2 ya waraka wake: anamsema mtu anayemwagia baraka ndugu mwenye njaa na baridi, kisha anamwacha aende hivyo hivyo.

Najua mtakimbilia wapi. Waefeso 2:8-9. Kila mlokole hapa anaijua kwa kichwa: wokovu ni zawadi, si mshahara, mtu asije akajivuna. Amina. Sasa niambieni, mstari wa 10 mmeuacha wapi? Maana Paulo hakuweka kalamu chini pale. Anaendelea kueleza kwamba tumefanywa wapya kwa sababu, na sababu hiyo ni kazi njema ambazo Mungu alishatuandalia. Kazi hizo si ufunguo wa kuingilia nyumbani. Ndizo kazi za mle ndani. Anayesoma mistari miwili akafunga kitabu kabla ya wa tatu anamdesa Paulo, tena vibaya.

Wengine mnasema Paulo na Yakobo wanapingana. Hawapingani, wanazungumza na wagonjwa wawili tofauti. Paulo kwa Wagalatia anapambana na watu waliotaka kuwatahiri waumini wasio Wayahudi, kana kwamba msalaba peke yake hautoshi. Yakobo anapambana na watu wenye imani ya mdomoni. Daktari hawezi kuwapa dawa moja mgonjwa wa presha ya kupanda na wa presha ya kushuka.

Kisha kuna wale wa Martin Luther. Nakubali, mwaka 1517 aliinuka kupinga biashara ya vyeti vya msamaha, ile aliyokuwa akiipigia debe Johann Tetzel, na alikuwa na haki. Katika Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522 aliongeza neno la maana ya "tu" kwenye Warumi 3:28, na waraka wa Yakobo akaufananisha na majani makavu. Yote hayo ni kweli. Lakini dibaji aliyoiandikia Warumi mwaka huo huo mmeisoma? Anasema imani ni kitu kilicho hai, haikai bila kutenda mema, na kutenganisha matendo na imani ni sawa na kutaka kutenganisha moto na joto lake. Huyo ndiye Luther mnayemtumia kumkwepa mama ntilie?

Na ugomvi huu wakubwa wenyewe walishakaa mezani. Tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa kustahili kwetu, na neema hiyo inatuita kutenda mema. Wamethodisti wakaungana nao 2006, makanisa ya Reformed 2017. Hawakumaliza tofauti zao zote, lakini hili la msingi walikubaliana. Sisi kwenye vimbweta bado tunarushiana mistari.

Hoja yenu nzito naijua: mwivi msalabani. Aliokoka bila tendo hata moja, mnasema. Someni tena Luka 23. Mikono yake imepigiliwa, pumzi zinahesabika, bado anamkemea mwenzake anayemtukana Yesu na anakiri kwamba wao wawili wanastahili adhabu ile. Alichoweza kukitenda, alikitenda. Wewe una mikono miwili, miguu miwili na simu yenye salio, halafu unajifananisha naye?

Mfano wenu uwe Zakayo, Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti. Hiyo ndiyo neema, imetangulia, wala haikumsubiri awe msafi. Ilipoingia nyumbani, Zakayo akasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Hakuna aliyemwambia Zakayo analeta sheria.

Tena jina lenyewe "mlokole" tumelipata kwa Waganda, kwenye uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, ukavuma kutoka Gahini miaka ya 1930 na kuvuka hadi Bukoba. Wale wazee walitubu hadharani, halafu wakarudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Jirani alijua mtu kaokoka kwa kuona kitu chake kimerudi. Leo jirani anajua tumeokoka kwa kelele za spika.

Na wewe unayetikisa kichwa kwa raha kwa kuwa unafunga Jumatano na Ijumaa na kutoa zaka hadi ya bumu, ngoja kidogo. Ukidhani kwa hayo Mungu sasa anadaiwa na wewe, umefungua duka la Tetzel ndani ya moyo wako. Anayepanda "mbegu" ili arudishiwe mara mia hajatoa sadaka, ameweka mtaji. Mungu hahongwi.

Sisi tunaosomea ualimu tunawajua wanafunzi wa aina tatu. Kuna anayefanya zoezi kwa kuogopa fimbo. Kuna asiyefanya kwa sababu eti mwalimu anampenda. Na kuna anayefanya vizuri kwa sababu anajua anapendwa, hata akikosea hafukuzwi. Huyo wa tatu ndiye anayeelewa neema. Yule wa pili ana maneno ya neema tu, na ndiye aliyejaa kwenye mikesha yetu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna watu wako mwaka wa tatu ndani ya wokovu, na bado wanataka kuandaliwa kama wageni wa jana.

Naomba kutoa hoja: mkesha ujao, kabla ya sifa na kuabudu, tuanze na daftari la mama ntilie. Kila jina lisomwe, kila deni lilipwe, asiye nacho achangiwe na ndugu zake. Kinachobaki kiende kwenye ada ya yule mwenzetu, maana begi lake bado liko mlangoni. Anayenipinga aje kimbwetani na Biblia yake, ila aje ameshalipa.