Kabla hujaulaumu wembe, tazama mpini!

  

Leo nina habari ya kitu kidogo kinacholala bafuni kwako, ambacho hakuna anayekijali mpaka siku kimtoe damu. Nasema mashine ya kunyolea, ile ya wembe, siyo ile ya umeme ya saluni. Na katika mashine hiyo nataka tuutazame mpini.

Unacheka? Cheka tu. Lakini siku ukijikata, lawama zinakwenda kwa nani? Kwa wembe. Eti mkali mno, au eti butu. Mpini hausemwi hata kidogo, kumbe mara nyingi mchawi ndiye huyo.

Sikiliza. Chukua vile vimashine vya plastiki vya kutumia na kutupa, vyembamba kama penseli. Mkono una sabuni, kinateleza. Ili kisizunguke vidoleni inabidi ukibane. Ukikibana, misuli ya vidole na ya kifundo cha mkono inakaza, na mkono uliokaza hausikii vizuri uso ulivyo. Hapo ndipo unapoanza kukandamiza. Ukikandamiza, ngozi inatuna mbele ya wembe, nao unaifyeka pamoja na ndevu. Kesho yake kidevu kimejaa vipele, unasingizia maji ya kisima.

Na sisi wenye nywele za kipilipili ndio tunaoumia zaidi. Ndevu iliyokatwa chini kabisa ikianza kuota hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kadiri unavyokandamiza ndivyo unavyoikata chini zaidi. Halafu kijiweni washkaji wanauliza, vipi bwana, umeng'atwa na siafu?

Watu wameuhangaikia mpini huu miaka mingi. Zamani wembe ulikuwa kama kisu cha kukunja, makali na mpini vinafuatana mstari mmoja. Kuutumia bila kujichinja kulitaka mkono wa fundi. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja, William Henson, alisajili wembe ambao makali yake yamekingama na mpini, na mwenyewe akaufananisha na jembe. Naam, jembe! Na ukifikiri utamkubali: kichwa kimeshakaa upande wake, kazi ya mkono ni kuvuta tu.

Baadaye akaja Mmarekani King Camp Gillette na wembe mwembamba wa kubadilisha. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, aliuza mashine 51 tu. Mwaka uliofuata zikapita 90,000. Huyo ndiye aliyewatoa wanaume kwenye kiti cha kinyozi kila asubuhi.

Lakini kina dada je? Kwa miaka mingi waliuziwa mashine za kiume zilizobadilishwa rangi, ikawa pinki basi, imekwisha. Mpaka mwaka 1992, kampuni ya Gillette ilipotoa Sensor for Women, ambayo umbo lake lilibuniwa na mwanamke, Jill Shurtleff. Dada huyo alizingatia jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: mwanamume ananyoa ndevu mbele ya kioo, anaona anachofanya. Mwanamke ananyoa miguu na kwapa akiwa anaoga, mkono umelowa, mara aigeuze mashine juu, mara chini, na kuna sehemu hazioni kabisa. Kwa hiyo akachora mpini mpana na bapa, unaokaa kiganjani vizuri, wenye mistari ya kuzuia utelezi. Wengine walianza na rangi, yeye alianza na mkono.

Sasa niwaambie kwa nini nimelishikia bango jambo hili. Mjomba wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Baadaye ukaanza kurudi kidogo kidogo, lakini vidole havifungi mpaka mwisho. Kijiko anashika kwa taabu, kimashine cha plastiki ndiyo kabisa, kinachomoka. Ikawa kila Ijumaa binti yake ndiye anamnyoa kabla ya msikiti. Mzee hakusema kitu, ila alikuwa anafumba macho muda wote. Mtu aliyejinyoa mwenyewe zaidi ya miaka arobaini, leo anashikwa kidevu kama mtoto.

Dawa yake haikugharimu hata nauli ya daladala. Nilichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaikata utepe, nikauzungushia mpini mpaka ukanenepa kama gunzi la mhindi. Kitu kinene hakihitaji vidole vifunge vyote, na mpira hauteleza hata ukilowa. Ijumaa ile binti yake alikaa karibu, macho yamemtoka, lakini hakugusa. Mzee alitumia karibu nusu saa na akaacha kichaka chini ya sikio. Nilipopita jioni akaniita, "Mjomba, njoo unitazame." Hakuongeza neno. Kile kichaka hakuna aliyethubutu kukitaja.

Na kwa wale wanaowanyoa wagonjwa majumbani, nao wamefikiriwa. Mwaka 2017 Gillette walianza kujaribu mashine inayoitwa Treo, kwa ajili ya mtu anayemnyoa mwenzake. Mpini wake ni mnene na una jeli ya kunyolea humo humo ndani, usihitaji beseni wala povu kitandani. Maana kumnyoa mtu mwingine si sawa na kujinyoa: mkono wako unatoka upande mwingine, na maumivu huyasikii wewe.

Haya, ukienda dukani fanya hivi. Usikimbilie kuhesabu nyembe ngapi zimepangwa kichwani. Uliza kwanza mpini. Uwe mnene kidogo, uwe na mpira au mistari, na uushike kama unavyoshika kalamu ukiandika barua kwa umpendaye, yaani taratibu. Uzito wa mashine ufanye kazi, siyo nguvu zako.

Na wewe unayetumia wembe mtupu, wa kushika kwa vidole, huo huo wa nyusi, huo huo wa kucha, huo huo wa kufumulia mishono: mpini wako ni nyama yako mwenyewe. Tafuta mashine, ndugu yangu.

Mwisho, hata mpini uwe wa dhahabu, wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini B hupita kwenye damu, na damu kidogo tu kwenye wembe huwezi kuiona. Rafiki akikuomba sukari mpe, akikuomba mashine ya kunyolea mwambie bado unampenda, kisha mwelekeze duka lilipo.

Tukutane wiki ijayo, mkiwa na videvu salama.