Neno "relocation" na mama niliyemdanganya bila kujua

Leo ninaandika juu ya kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona wengi wetu wanaotafsiri kambini wako njiani kulifanya.

Nilipoanza kujitolea huku upande wa Kanama nilikuwa najiona msomi. Sekondari nilimaliza Kongo kwa Kifaransa, na Kiingereza nilikuwa nikijifunza kwenye simu. Siku moja mfanyakazi mmoja alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba kesho kuna "relocation". Mimi ndiye nilikuwa natafsiri. Neno sikulijua, lakini niliona haya kuuliza. Nikaona "re-" pale mbele, nikawaza: si ile ile ya Kifaransa, ya kurudi? Nikasema kwa sauti: "Kesho ni kurudi."

Mama mmoja mzee akaniuliza: "Kurudi wapi, mutoto yangu?"

Nikajibu haraka haraka: "Kwetu, mama."

Asubuhi mabasi yakaja. Jina lake likasomwa mara tatu, hakuonekana. Alikuwa amejificha na wajukuu wawili, maana kule alikotoka hakuna nyumba tena wala mtu wa kumpokea. Kumbe mabasi hayakuwa yanaenda Kongo. Yalikuwa yanaenda kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda. Binti yake alikuwa kwenye basi la kwanza. Alifika Mahama, akamngoja mama yake, akamkosa. Walikaa mbalimbali wiki nyingi kwa sababu ya neno moja nililobahatisha.

Tangu siku ile nina daftari. Nimeona kwamba maneno mengi yanayotusumbua yana mkia mmoja: "-tion". Kazi ya mkia huo ni kugeuza kitendo kuwa jina, kama sisi tunavyotoa "uhamisho" kwenye "kuhamisha". Sisi wa Kifaransa tunaufahamu, na ndiyo maana unatudanganya. Kwa Kifaransa "location" ni kupanga nyumba au kukodi gari. Kwa Kiingereza ni mahali. Basi "relocation" ni kutolewa mahali hapa kupelekwa mahali pengine, kama toka kituo cha muda kwenda kambini. Na ile "réinstallation" ya Kifaransa, Kiingereza cha ofisini ni "resettlement": kupelekwa kuishi nchi ya tatu, kama Marekani au Kanada. Ukichanganya haya mawili, mtu anauza sufuria zake akifikiri anaenda kupanda ndege.

Mengine ya daftari langu ni haya:

"Registration" ni kuandikishwa.

"Verification" ni kuhakikisha kama walioandikwa bado wapo na habari zao ni za kweli. Usiseme "nilishaandikwa, siendi". Nenda.

"Determination" kwenye mahubiri ya vijana ni moyo wa kutokata tamaa. Ofisini ni uamuzi: wanaamua kama kisheria wewe ni mkimbizi.

"Reunification" ni kuunganishwa tena na familia yako.

"Integration" ni kuingia katika maisha ya nchi iliyokupokea, ukaishi pamoja na wenyeji na kujitegemea.

"Repatriation" ndiyo kurudi kwenu. Ndani yake mna neno la Kilatini la nchi ya baba. Hapa kuna jambo kila mkimbizi alijue: mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, kifungu cha 5, unasema mkimbizi harudishwi bila hiari yake. Ningelijua hilo, hata baada ya kukosea neno ningemwambia yule mama kwamba ana haki ya kukataa, na asingejificha.

Wengine watasema dawa ni kufundisha watu wote Kiingereza. Kwa sisi vijana nakubali, tujifunze, maana shule za hapa Rwanda zinakitumia. Lakini mama wa miaka 60 asihitaji Kiingereza ndipo ajue basi linaenda wapi. Mzigo wa kueleweka ni wa yule anayesema. Na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, hatuombi kitu cha ajabu.

Kwa hiyo wafanyakazi, nawaomba: kabla ya kushika kipaza sauti, jibuni maswali manne. Nani anaenda? Anaenda wapi? Lini? Anaweza kukataa? Mkishajibu hayo, hakuna "-tion" inayohitajika. Halafu mwombeni mtu mmoja katikati ya watu arudie alichosikia. Hapo mtajua kama tafsiri yetu imefika.

Na sisi wenye kutafsiri, tujifunze kusema mbele ya watu: "Neno hili sijalielewa, nielezee." Mimi niliogopa aibu ya dakika moja, na mama wa watu akalala porini na watoto.

Basi lingine lilipokuja, alinitafuta yeye mwenyewe. Akaniuliza: "Mutoto yangu, leo ni kurudi ao ni kwenda?"

Safari hii nilikuwa nimeshauliza mara mbili. Nikamwambia: "Ni kwenda, mama. Mahama, kwa binti yako."

Akapanda.