Fidia Haipatikani kwa Kumalizana Barabarani

Iko desturi mbaya iliyoota mizizi katika barabara za vijijini. Magari yanapogongana, au pikipiki inapomkumba mpita njia, watu hukusanyika, mzee mmoja hujitolea kusuluhisha, dereva hutoa fedha kidogo mfukoni, na kila mtu hushika njia yake. Desturi hiyo huitwa kumalizana. Kwa hakika hakuna kilichomalizika. Majeruhi ndiyo kwanza anaanza kuuguza mguu uliovunjika, na dereva keshavuka kilima.

Yafaa ieleweke kwamba mwenye haraka ya kumalizana mara nyingi ni yule asiye na bima. Dereva mwenye bima hana sababu ya kuwakimbia polisi, kwa kuwa kampuni yake ndiyo itakayobeba mzigo. Asiye nayo anajua kwamba taarifa ikifika kituoni atakuwa na makosa mawili: ajali yenyewe, na kuendesha bila bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, bila bima ya kuwakinga watu wengine. Kwa hiyo mwenye gari aliyemkabidhi dereva ufunguo hawezi kunawa mikono.

Kwa Isingiro, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, jambo hili lina uzito wa pekee. Pikipiki ndiyo miguu ya mwalimu, ya mgonjwa na ya mkulima wa kahawa. Nyingi huuzwa kutoka mkono hadi mkono bila kubadilishwa jina katika kadi ya usajili, hata mwenyewe halisi hajulikani kwa urahisi. Aidha, mpaka wa Uganda uko Murongo, na vyombo kutoka ng'ambo ya Mto Kagera havikosekani.

Nini basi kifanyike? Kwanza majeruhi apelekwe hospitali, na karatasi isitangulizwe mbele ya uhai. Kisha polisi waarifiwe mapema, wapime eneo la ajali na kutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya majeruhi. Namba ya chombo, jina la dereva, jina la mwenye chombo na majina ya mashahidi yaandikwe papo hapo. Bima isiaminiwe kwa kutazama stika peke yake. Huhakikiwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Chombo kikiwa cha nchi jirani, iulizwe Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, kwani hiyo ndiyo bima inayovuka mpaka. Na mtu asitie sahihi karatasi isemayo kwamba ameridhika, maana karatasi hiyo huweza kumgeukia mbele ya hakimu.

Ikithibitika kwamba bima haipo, haki haijafa. Dereva hudaiwa, na mwenye chombo aliyemtuma kazini hudaiwa pamoja naye. Hakimu anayemtia dereva hatiani katika kesi ya jinai anao uwezo wa kuamuru fidia. Zaidi ya hapo, majeruhi anaweza kufungua kesi ya madai, mradi asikawie: Sheria ya Ukomo inampa miaka 3. Asiyemudu wakili anaweza kuwaendea watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na mtumishi au mwalimu aliyeumia akiwa katika shughuli ya kazi amjulishe mwajiri wake bila kuchelewa, kwa kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumwulizi kama aliyemgonga alikuwa na bima.

Lakini hukumu si fedha. Dereva asiye na shamba wala ng'ombe hawezi kukamuliwa asichokuwa nacho, na hapo mjane na yatima hubaki na karatasi yenye mhuri. Nchi nyingine zimelitazama tatizo hili mapema. Uingereza ilianzisha mwaka 1946 chombo kinachochangiwa na kampuni za bima ili kuwafidia waliogongwa na wasio na bima. Afrika Kusini inao mfuko unaotokana na tozo ya mafuta. Hapana sababu ya wanyonge wa Kyerwa kukosa kinga ya namna hiyo, na wenye dhamana ya kutunga sheria wanapaswa kulipima jambo hili.

Wakati hilo likisubiriwa, jukumu linawaangukia wenye kalamu. Katika umati unaozunguka ajali, mara nyingi mwalimu au mtumishi wa serikali ndiye anayejua kusoma kadi ya usajili na kuandika maelezo yanayoeleweka. Akinyamaza ili asionekane mkorofi mbele ya majirani, amemsaidia mkosaji. Akitoa daftari na kuandika, amemwachia majeruhi silaha itakayomfaa hadi mahakamani. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo inavyopotea na haki.