Merege alikwenda Ulaya na jina lake



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Engaresero. Jioni ya tatu mdogo wangu alinifuata kwenye zizi la ndama akiwa na karatasi mbili ndani ya mfuko wa nailoni. "Frateri, hebu nisomee hii," akaniambia. Tangu niingie seminari hata yeye ananiita Frateri.

Ulikuwa mkataba, umeandikwa kwa Kiingereza. Mtu mmoja aliyewahi kuja na watalii anataka kuwachukua vijana wanane wa boma letu wakaimbe na kuruka kwenye matamasha huko Ulaya kwa wiki tatu. Nauli ipo, malazi yapo, na posho, kusema haki, si mbaya. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, nikarudi mwanzo. Tarehe zimeandikwa. Urefu wa onyesho umeandikwa, dakika arobaini. Mavazi yameelezwa mpaka rangi ya shuka. Jina la mtu halikuwepo hata moja. Pale ambapo ungetegemea kukuta majina paliandikwa tu: wachezaji wanane wa Kimasai.

Mdogo wangu hakuona shida. Alichotaka kujua ni posho ile inanunua mitamba mingapi. Nami namwelewa, maana ukame wa mwaka 2022 ulitupitia vibaya na zizi la baba bado halijarudi lilivyokuwa.

Msomaji ambaye hajafika kwetu ajue kwamba Engaresero iko chini ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, jirani na Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Watalii huja kuupanda mlima usiku ili wakute jua likichomoza kileleni, huja kuwaona heroe ziwani, na huja kuona nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandishwa katika majivu ya volkano. Kisha hupitia bomani kusikiliza nyimbo. Hapo mwongoza wageni husema: "Sasa Wamasai watatuimbia wimbo wa kukaribisha."

Mara nyingi wimbo wenyewe haumkaribishi mtu. Ule anaouongoza mdogo wangu, akiwa olaranyani, yaani yule anayetanguliza sauti ili wenzake waitikie, aliutunga mwenyewe baada ya ukame huo. Unamtaja ng'ombe wa mama yetu, mwenye baka jeupe shavuni, aliyelala njiani tukarudi na ngozi. Nimewaona wageni wakipiga makofi kufuata mapigo ya wimbo huo huku wakitabasamu. Siwalaumu. Nani aliwaambia?

Nikiwa na karatasi ile mkononi nilimkumbuka Merege.

Vijana wa umri wangu wengi hawamjui. Katikati ya miaka ya 1990 lilizaliwa Arusha kundi la muziki wa kufokafoka lililojiita X Plastaz. Walikuwemo Gsan, Ziggy na Faza Nelly, na baadaye wadogo, Steve na Diny. Kadhaa kati yao ni ndugu wa familia moja. Kisha akajiunga nao Mmasai, Yamat Ole Meipuko, ndiye Merege. Wenzake walifoka kwa Kiswahili cha mitaa ya Arusha, yeye akaimba kwa Kimaa, kwa ile sauti nzito itokayo kooni, akiwa katika shuka lake. Mimi nyimbo zao nilizisikia miaka mingi baadaye katika simu ya binamu yangu, nikadhani mtu ameziunganisha kwa mzaha. Baada ya mara ya tatu nikanyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, albamu yao ikiwa bado haijatoka, walivuka bahari kwa mara ya kwanza wakapiga muziki Uholanzi, wakisaidiwa na Mholanzi Thomas Gesthuizen, mtu aliyeendesha tovuti ya hip hop ya Afrika. Albamu ikafuata mwaka 2004, Maasai Hip Hop, chini ya lebo ya OutHere ya Munich, Ujerumani. Kumbuka hawa walikuwa vijana wa Arusha, si wa Dar es Salaam zilikokuwa studio na redio kubwa.

Jina la albamu silipendi, niseme wazi. Kundi zima lina Mmasai mmoja, halafu kava linatangaza Umasai. Hicho ni kibao cha duka: aliyekiandika alijua mteja wa Ulaya atasimama mbele ya neno gani. Wenzangu darasani niliowasimulia habari hizi walikwenda mbali zaidi, wakasema Merege aliuza shuka letu kama wanavyoliuza wenye maduka ya vinyago. Sikubaliani nao. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka nchi nyingi na zeze na ilimba, akiwa amevaa mavazi ya asili, na sijasikia mtu akimwita kinyago. Watu walikwenda kumsikiliza Zawose, wakatoka wakilitaja jina la Zawose. Merege naye alisimama jukwaani kama mwimbaji mmojawapo mwenye jina lake, mwenye beti zake, katikati ya wenzake wenye majina yao. Ukimtoa Merege huwezi kuchukua Mmasai mwingine yeyote ukamweka pale ukasema kundi ni lilelile. Lakini wachezaji wanane wa Kimasai unaweza kuwabadilisha wote jioni moja na karatasi isijue.

Muhula huu tumesoma mabishano ya falsafa ya Kiafrika. Mwaka 1945 Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya utume Kongo, alitoa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Alikuwa na nia njema: wakati wengi wa kwao walituona hatufikiri kabisa, yeye alisema tunafikiri. Baada ya miongo mitatu Paulin Hountondji wa Benin akamjibu kwa ukali kwamba falsafa ambayo kabila zima inaifikiri kwa pamoja, bila mtu mmoja wa kuulizwa wala wa kubishiwa, si falsafa. Mawazo yana mwenyewe. Anayetusifu sisi sote kwa mkupuo ametunyima nafasi ya kupingana, na asiyeweza kupingana na jirani yake hajatambuliwa bado kuwa na akili yake. Mtihani wa somo hilo nilifaulu, lakini nililielewa zizini, na karatasi ile mkononi.

Maana wimbo nao una mwenyewe. Katika albamu ile kuna wimbo uitwao "Nini dhambi kwa mwenye dhiki". Hilo ni swali la kweli kabisa katika maadili. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa, akasema mtu aliye katika shida ya kufa na kupona akichukua kitu cha mwingine ili aishi, huo kwa haki hauitwi wizi. Vijana wa mitaa ya Arusha walilibeba swali hilo bila kupita seminari. Sidhani kama Waholanzi wengi wanaojua Kiswahili waliwahi kusimama mbele ya jukwaa lao, kwa hiyo naamini wengi walicheza tu, kama wageni wetu wanavyompigia makofi ng'ombe wa mama. Hata hivyo kuna tofauti. Wimbo wa X Plastaz una kichwa na una waimbaji waliotajwa, na msikilizaji mwenye hamu anaweza kwenda kumtafuta aliyeuliza na kumuuliza alimaanisha nini. Faza Nelly aliuawa Arusha mwaka 2006. Hata leo anayetaka kujua nani aliimba ubeti ule atalikuta jina lake.

Kwenda Ulaya bila jina kuna historia ambayo mdogo wangu haijui, na mimi pia sikuijua mpaka nilipoisoma. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaleta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakapelekwa Tervuren kukaa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama. Saba walifia huko. Makaburi yao yako kando ya kanisa. Simfananishi yule aliyeandika mkataba wa mdogo wangu na Leopold, ingekuwa dhuluma. Nasema tu kwamba kijiji kile nacho kilitaka Wakongo tu, ilimradi wawepo.

Na kabla sijamrushia mtu jiwe, niungame la kwangu. Siku moja tulipokea wafadhili kutoka ng'ambo, nami nikiwa Mmasai nikapewa kazi ya kupanga onyesho. Nilikusanya mafrateri kumi na wawili, Wachaga, Wairaqw wa Karatu, hata Msukuma mmoja mrefu, nikawavisha mashuka ya kuazima, tukaruka. Kwenye kipaza sauti nilisema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba huu ni wimbo wa kukaribisha wa Kimasai. Haukuwa. Ulikuwa wimbo wa mdogo wangu. Niliuchukua kwa sababu naujua kwa moyo, na sikumtaja. Mmoja wa wageni alikuja baadaye kuniuliza wimbo unasemaje, nikamjibu kwamba unasema karibuni. Alinishukuru sana.

Kwa hiyo usiku ule, kwa mwanga wa simu, tulikaa na mdogo wangu na wenzake saba. Niliwasimulia habari za Merege, nikawachezea wimbo mmoja. Mmoja wao akasema anaimba vizuri ila anaharakisha. Walicheka. Kisha nikawaeleza nilichokiona kwenye mkataba. Yule mkubwa wao akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Pasipoti si itakuwa na majina?" Kweli. Uhamiaji watataka jina la kila mmoja, la baba yake na la babu yake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Ndege itataka jina. Hoteli itataka jina. Ni jukwaani tu ambako halihitajiki.

Hilo ndilo lililowashika kuliko Hountondji wangu wote. Tulichukua kalamu tukaandika majina manane pembeni ya ile mistari, la mdogo wangu likiwa la kwanza, na mbele yake neno olaranyani. Chini tukaongeza ombi moja: kabla ya kila wimbo mtu aeleze kwa maneno machache unahusu nini na nani ameutunga. Posho hatukuigusa. Asubuhi wakapanda kile kilima kinakopatikana mtandao, wakapiga picha karatasi zote mbili na kuzituma kwa WhatsApp.

Alama mbili za buluu zilitokea siku hiyo hiyo. Mpaka narudi seminari, wiki mbili baadaye, jibu lilikuwa halijaja. Vijana hawajanilaumu, lakini mama, siku ya kuniaga, alinifungia maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanishika mkono na kuniuliza: "Frateri, na huyo mzungu asipojibu, ile mitamba utanunua wewe?"