Kosta za Igawa: Adabu ya Abiria Ianzie kwa Nani?

Anayepanda Kosta jijini Mbeya kwenda Igawa ana safari ya zaidi ya kilometa 100 mbele yake: Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, na vituo vidogo visivyohesabika katikati. Ni nadra afike bila kugombana na mtu au kusikiliza wenzake wakigombana. Watagombania dirisha, mzigo, simu, au goti lililomkandamiza jirani. Akishuka atasema maneno tuliyoyazoea, kwamba siku hizi watu hawana ustaarabu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na inamwacha huru aliyeutengeneza ugomvi wenyewe.

Tuzitazame kero hizo kwa karibu. Ukanda wa Uyole na Inyala uko juu, na asubuhi za Juni na Julai upepo wake unakata mpaka mfupani. Aliyekaa dirishani anafunga kioo na wenzake wanamshukuru. Gari likishateremka kuelekea bonde la Usangu, joto linapanda, watu wamebanana, hewa nzito, na kioo bado kimefungwa. Aliyesimama katikati ndiye anayekosa pumzi, lakini mkono wake haufiki dirishani. Aliye karibu nalo amepakata mtoto anayekohoa. Wote wawili wana haki, na hakuna hata mmoja wa kuitwa mshenzi.

Mzigo nao una kisa chake. Mbarali, wilaya ilipo Igawa, ni ya mpunga, na kutoka huko kwenda Mbeya mchele husafiri na wenyewe. Kiroba ambacho kingekaa kwenye buti kinaingizwa ndani, ama kwa sababu buti imejaa, ama kwa sababu mwenye nacho anahofia kishuke kituo kisicho chake. Kinalazwa kwenye njia ya kupita, na mama mjamzito anayetaka kushuka Chimala inabidi akiruke huku ameshikilia migongo ya watu. Hapo hapo kijana mmoja anaangalia video kwa sauti ya juu, na spika za gari zinapiga muziki unaoshindana na simu yake. Konda naye, akining'inia mlangoni, anapaza sauti: "Sogeeni nyuma jamani, nafasi bado ipo!" Nafasi haipo, na yeye anajua.

Kwa nini anasema hivyo? Jibu liko kwenye hesabu. Katika magari mengi ya abiria nchini, mwenye gari hupanga kiasi cha fedha anachotaka kuletewa kila jioni. Dereva na konda wanatoa pesa ya mafuta, wanalipa ushuru wa stendi, wanawapa wapiga debe chao, wanatimiza hesabu ya tajiri, na kinachobaki ndicho kinachopeleka unga nyumbani kwao. Kwa mpango huo, waliokaa kwenye viti wanamlipa mwenye gari. Riziki ya wafanyakazi inategemea waliosimama. Konda anayegoma kuzidisha abiria anajikata mshahara mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye nauli yake ya shilingi 200 anasukumwa mlangoni mjini Mbeya kama ilivyo Dar es Salaam: kwa hesabu ya konda, amekalia nafasi ya mtu mzima.

Basi tukubaliane kwamba adabu inahitaji mahali pa kukaa. Kijana anayetaka kumpisha mzee lazima kwanza apate pa kuweka miguu yake. Mwanamke anayeguswa asikotaka hawezi kusogea ili ijulikane kama ni bahati mbaya au ni makusudi, na mwanamume mwenye tabia chafu anajificha ndani ya msongamano huo huo. Gari likijaza watu kupita kiasi, wapole na wakorofi wanaonekana sawa.

Wapo wanaosema dawa ni moja: abiria wote wakae, asisimame mtu. Hoja hiyo ina nguvu, na imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mabasi ya mijini hapa Tanzania yaliagizwa kubeba abiria kwa idadi ya viti, levo siti kama tulivyoizoea. Ndani ya magari watu walipumua. Vituoni foleni zilirefuka, na magari yalipofika watu waligombania mlango. Kenya walitangulia: Februari 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alipiga marufuku kusimama ndani ya matatu, akaamuru mikanda, vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa, na sare kwa wafanyakazi. Siku za mwanzo magari yaliadimika, nauli zikapanda, na watu wengi wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu. Baadaye abiria wakazoea kukaa kila mtu na kiti chake, ingawa usimamizi ulilegea kadiri miaka ilivyopita.

Katika njia kama ya Igawa, marufuku ya ghafla ingemwumiza mtu wa katikati. Gari linajaa Mbeya, au Makambako likitokea upande wa pili. Abiria wa Igawa anapata kiti pale tu mwingine anaposhuka. Mgonjwa anayewahi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya akiachwa barabarani hatarudi nyumbani. Atapanda lori, au Noah iliyojaza watu kuliko hiyo Kosta. Hatari itakuwa imehamia kwenye gari jingine tu. Lakini pia hatuwezi kuendelea kuhalalisha kusimama kwa hoja ya huruma. Basi la mjini linalokwenda polepole kutoka Kabwe hadi Soweto ni jambo moja. Kosta inayoshuka mteremko wa Inyala, sehemu yenye historia ya ajali mbaya, huku kuna watu wasio na kiti wala mkanda, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye barabara kuu kati ya mji na mji, asisimame mtu, na agizo hilo litanguliwe na magari ya kutosha. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni za njia. Itoe leseni za safari fupi zinazoanzia Igawa na Chimala zenyewe, ili mtu wa huko naye apande gari tupu. Wenye magari nao wawalipe dereva na konda mshahara unaoeleweka, ulioandikwa kwenye mkataba. Mpango wa kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilometa 218, ni jambo jema, na kazi imeanza na kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kinachopita jijini Mbeya. Hata hivyo, barabara pana haimwongezei abiria hata kiti kimoja.

Inabaki sehemu yetu abiria, nayo si ndogo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu za Kenya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Stika ziliwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Madai ya bima ya magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Stika haikumpa abiria mamlaka yoyote mapya. Ilimhakikishia tu kwamba akisema, ana haki ya kusema, na wenzake wameisoma haki hiyo hiyo. Kwetu, anayelalamika peke yake anajibiwa "nunua gari lako," na gari zima linakaa kimya.

Ukimya huo una kilele chake. Katika barabara hii ya TANZAM, inayokwenda Zambia, lori linapimwa kwenye mizani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56. Lakini idadi ya watu ndani ya Kosta inategemea jicho la trafiki anayechungulia dirishani. Konda akimwona kwa mbali, anawaambia waliosimama wachuchumae, nao wanachuchumaa. Watu waliolipa nauli kamili wanajificha ili kumlinda aliyewanyima viti.

Tuwasihi vijana wavae visikilizi masikioni, wenye mizigo wailipie na kuiweka panapostahili, wa dirishani wawaulize wenzao kabla ya kufunga kioo, na wenye nguvu wawapishe wazee, wajawazito na wenye watoto. Hayo ni malezi, na hayasubiri leseni ya mtu. Ila tuongeze na adabu nyingine ambayo hatujafundishana: mzee akisema "kijana, gari limejaa, twende," wengine tumuunge mkono kwa sauti. Na konda akituambia tuchuchumae, tubaki tumesimama wima, trafiki atuhesabu mmoja mmoja.