Ukimya wa Msumeno Usitughuri

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu nitoe rai yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika mabaraza ya wanachama, nalo ni misumeno ya betri. Wako wanaotaka Chama kiinunue kwa fedha za pamoja, ili mwanachama aazime kama anavyoazima majamvi na ngazi. Wako wanaosema kuwa hiyo ni anasa, na kwamba shoka na msumeno wa mkono viliwatosha baba zetu. Mimi ni katika wanaotaka inunuliwe. Lakini nasema mapema: ikiwa itagaiwa kama yanavyogaiwa majamvi, basi bora isinunuliwe kabisa.

Nianze na manufaa yake, nisije nikadhaniwa kuwa naipiga vita. Kila mwenye shamba ajua kuwa mkarafuu wataka kutunzwa baada ya kuchumwa. Tawi linapovunjwa wakati wa mavuno huacha kidonda kilichochanika, na kidonda hicho ni mlango wa maradhi ya ukungu yanayokausha matawi. Mabwana shamba walikwisha kulieleza jambo hili tangu zamani, na nasaha yao ilikuwa tawi lililougua likatwe mpaka kufikia sehemu nzima, na palipokatwa pawe laini. Panga hulichana tawi, msumeno hulikata. Tena iko mikarafuu iliyokufa kwa uzee na maradhi, ambayo imesimama mikavu mashambani ikingojea upepo iangukie miche yetu. Msumeno wa petroli ni mzito, na una moshi na gharama. Huu wa betri ni mwepesi, hauna moshi, na kwa kupunguza matawi na kukata magogo ya kiasi watosha. (Kibali cha kuangusha mti ni jambo jengine, wala msumeno mpya hauliondoi.)

Sasa nije kwenye khatari. Msumeno wa petroli hupiga makelele, na makelele yale yana faida yake. Ukiunguruma, watoto husogea, na aliyeushika mwenyewe hasahau ameshika nini. Huu wa betri ukiwa haukati hunyamaza kimya kabisa, ukadhani ni kitu kilichozimwa. Kumbe haukuzimwa. Muda wa kuwa betri imo ndani yake, uko tayari, na ukibonyezwa swichi mnyororo hukimbia mara moja. Hauna kuvutwa kamba wala kupashwa moto.

Haya sikuyasoma kitabuni. Msimu uliopita nilikuwa nikipunguza matawi ya chini katika shamba langu, na kijiti kibichi kikanasa katika mnyororo. Nilikuwa nimeushika msumeno kwa mkono wa kulia, kidole gumba kimelala juu ya kile kifungo cha kufungulia na kidole chengine kimo katika swichi, na kwa mkono wa kushoto nikawa navuta kijiti. Kilipochomoka nilikaza mkono wa kulia, kama anavyokaza mtu yeyote anayevuta kitu. Mnyororo ulizunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nilishonwa nyuzi sita, na kidole changu cha shahada hakikunjiki vizuri mpaka leo. Aliyewahi kukaa jamvini akachambua karafuu na makonyo ajua thamani ya kidole hicho. Kosa lilikuwa langu, si la msumeno. Kuitoa betri ni kazi ya kufumba na kufumbua, na mimi niliionea uvivu.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni hii: mkono usikaribie mnyororo mpaka betri imetoka. Ukitaka kutoa kijiti, kukaza mnyororo, kuunoa, kutia mafuta, kumpa mwenzio, au kuvuka mtaro kwenda mti wa pili, toa betri kwanza. Na msumeno wa duara wa mafundi seremala, nao siku hizi ni wa betri, hukumu yake ni hiyo hiyo. Kile kifuniko kinachofunika meno yake kisifungwe kwa waya wala kuzuiliwa kwa kabari ili kiwe wazi, kama nilivyoona wengine wakifanya. Tena utie akilini kwamba ukiachia swichi, meno huendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama.

Kanuni ya pili: msumeno wa mnyororo usipandishwe mtini. Nawajua vijana wetu. Wakiona kitu chepesi cha kushikwa kwa mkono mmoja, watakitia kiunoni wapande nacho. Lakini mkarafuu ni mti wa kukatika ghafla, na hakuna mavuno yanayopita bila ya kusikia kuwa fulani ameanguka. Aliye juu ana mikono miwili tu, na mmoja katika hiyo ni wa kushikilia roho yake. Msumeno wa mnyororo nao wataka mikono miwili, kidole gumba kimezunguka mpini. Sababu yake ni kwamba sehemu ya juu ya ncha, pale mnyororo unapogeuka kurudi, ikigusa tawi, msumeno wote huruka nyuma kuelekea uso wa aliyeushika. Na katika mkarafuu, ambao matawi yake yamesongamana, ncha haikosi kugusa kitu. Juu ya ngazi ni vile vile, wala usikate kitu kilichopita urefu wa bega lako. Kwa matawi ya juu, uko msumeno wenye mpini mrefu ambao mtu huutumia akiwa amesimama chini, ubavuni mwa tawi na si chini yake, na mbali na nyaya za umeme. Usipopatikana, kazi ya juu iachiwe msumeno wa mkono.

Na mavazi nayo. Kikoi kinachopepea, kanga isiyofungwa vizuri na makubadhi si mavazi ya kazi hii. Vaa suruali, viatu vilivyofunika vidole, na miwani ya kukinga macho, kwani unga wa mbao hauombi ruhusa.

Kanuni ya tatu ni ya nyumbani, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu msumeno humkata mmoja, lakini chaja yaweza kuteketeza nyumba na watu wake. Kisiwa chetu cha Pemba kimeunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Vyombo vingi tunavyovinunua ni mitumba. Vinavyotoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vile tunavyoletewa na jamaa zetu walioko Marekani ni vya volti 120. Mtu hununua plagi ya kuunganishia, akaona imeingia ukutani, akadhani mambo yamekwisha. Plagi hubadilisha umbo la meno tu, haipunguzi umeme. Jirani yangu alichomeka chaja ya namna hiyo, na kabla hajafika mlangoni ilikuwa inatoa moshi. Basi kabla ya kununua, geuza chaja usome penye neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100–240V, au 220–240V, chukua. Ikiwa ni 100V peke yake au 120V peke yake, mrejeshee mwenyewe, hata akikupa kwa bei ya bure.

Pana na jambo jengine linalowachanganya watu madukani. Betri moja huitwa ya volti 18 na nyengine ya volti 20, na muuzaji akakwambia hii ya pili ina nguvu zaidi. Aghalabu zote mbili zina seli tano ndani, kila seli volti 3.6, nazo kwa pamoja hufanya 18. Zikijazwa sawasawa hufika 20 na kidogo. Tofauti iko katika hesabu ya muuzaji. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa volti ni sawa, basi chaja ya kampuni hii yafaa kwa betri ya kampuni ile. Kila betri na chaja yake. Na betri iliyokufa isipelekwe kwa fundi afunguwe na kuipachika seli za kompyuta iliyovunjika. Nazijua shida za fedha, lakini hiyo si njia ya kuzitatua.

Betri hizi ni za lithiamu, jamii moja na zile za simu, ila ni kubwa zaidi. Seli moja ikiharibika na kupata moto wa kupita kiasi, huipasha ya pili, na ya pili ikaipasha ya tatu. Huwaka kwa ghafla na kwa nguvu, na moshi wake ni sumu. Ndiyo maana nasema isichajiwe chumba cha kulala, wala usiku watu wamelala, wala kwenye njia ya kutokea nyumbani. Isiwekwe juu ya godoro wala jamvi, na isikaribie magunia ya karafuu na makonyo, ambayo ni makavu na yana mafuta. Chini ya paa la makuti sina haja ya kusema. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji, mahali penye hewa, na mtu mzima awepo. Ikijaa, itolewe. Umeme ukikatika, chomoa chaja mpaka urudi na utulie.

Jua nalo ni adui wa betri. Usiiache sakafuni penye karafuu zilizoanikwa, wala ndani ya gari lililofungwa vioo. Ikitoka kazini ina moto, iache ipoe kivulini kwanza ndipo uichaji. Ikinyeshewa, usiichaji. Na usiitie katika kikapu kimoja na misumari, funguo au sarafu, kwani chuma kikigusa ncha zake mbili kwa pamoja cheche hutoka. Wazee wamesema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ikivimba, ikipasuka, ikitoa harufu ngeni au ikianguka vibaya, ipeleke nje mbali na nyumba, wala usiijaribu tena. Ikishika moto ndani, watoe watu kwanza, na usivute moshi wake. Maji mengi kutoka mbali huipoza. Kata moja ya maji haifanyi kitu. Na ukiona moto umezimika usiirejeshe ndani, kwa sababu yaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Sasa nirudi kwenye rai yangu. Nasema Chama kinunue misumeno hiyo, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, betri zote na chaja zote zikae mahali pamoja, ghala lenye sakafu ya saruji, chini ya mtu mmoja aliyechaguliwa na wanachama. Betri zichajiwe hapo na si majumbani. Msumeno usio na betri hauna tofauti na gongo. Mwenye betri ndiye mwenye dhamana. Pili, asipewe mtu betri mpaka aonyeshwe kazi kwa mikono, naye aionyeshe mbele ya aliyemfundisha. Karatasi ya maelezo haitoshi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeisoma. Tatu, miwani, glavu na mafuta ya mnyororo vitoke katika mfuko mmoja na msumeno, na virudi pamoja. Betri zilizokufa zirejeshwe kwa mtu huyo huyo, zisitupwe jaani wala motoni.

Najua nitakavyojibiwa. Yuko atakayesema kuwa ni usumbufu kwa mtu kutoka shamba la mbali akafuata betri na jioni akairudisha. Ni kweli, ni usumbufu. Mimi nilikwenda hospitali mara nne kwa ajili ya kidole kimoja, na safari zile nazo hazikuwa fupi. Yuko na atakayesema kuwa ajali haina kinga. Nakubali. Lakini uzembe una kinga, na kinga yake ni hayo niliyoyataja, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya msumeno wenyewe.

Nawaomba wajumbe wa kamati walitie jambo hili katika mkutano kabla ya pesa kutolewa, na wanachama walizungumze kwa uwazi. Mkarafuu ukifa hupandwa mwengine, ukangojewa miaka sita au minane, ukazaa. Kidole hakipandwi.

Wasalaam,
Mwanachama