Mtoto Asiyependa Kupaka Rangi si Mkaidi

Twataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo kwetu si dogo. Wako watoto katika madarasa ya awali, hapa Chanji na kwingineko katika nchi ya Ufipa, ambao hawapendi kupaka rangi. Wakipewa karatasi yenye picha pamoja na kalamu za rangi, huinamisha vichwa, au hupiga mstari mmoja kisha husema, "Nimemaliza." Nasi walimu, badala ya kutafuta sababu, huwapa majina: mvivu, mkaidi, mzito wa akili. Wengine wetu hata huwachapa. Twasema wazi kwamba desturi hiyo ni mbaya, na sharti ikome.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa miaka mitano. Siku za kuimba na kuhesabu alikuja mbio, lakini siku ya rangi aliamka akilia tumbo. Mama yake alidhani ni maradhi. Kumbe mmoja wetu alikuwa amemkemea mbele ya wenzake kwa sababu rangi yake ilivuka mstari, nao wakamcheka. Juma lile lile tulimkuta nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, amefinyanga kwa udongo maksai wawili wenye nira shingoni, wakikokota plau. Je, huyo ndiye mzito wa akili? Tuliona haya.

Basi na tuzitazame sababu. Kwanza ni mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa minane midogo. Mtoto azaliwapo, sehemu hizo bado ni laini, nazo hugeuka kuwa mfupa kidogo kidogo. Ule wa mwisho huchelewa hata miaka 8 au zaidi. Kumdai mtoto wa miaka mitano ajaze ukurasa mzima bila kupumzika ni kumtwisha mzigo usiomfaa. Pili ni baridi. Uwanda wetu uko juu sana, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai vidole hufa ganzi, na kalamu za nta huwa ngumu zisitoe rangi ila kwa kukandamizwa sana. Tatu ni macho. Wako watoto, na zaidi ni wavulana, waliozaliwa wasiweze kutofautisha nyekundu na kijani. Wengine hawaoni vema hata kidogo. Nne ni mkono wa kushoto. Katika watu kumi, yapata mmoja hutumia mkono huo kwa maumbile yake, naye akilazimishwa kutumia wa kulia, kila kazi ya kalamu humchukiza.

Tano ni picha tunazowapa. Twatoa fotokopi za mtu wa theluji na za nyumba yenye bomba la moshi, kisha twastaajabu mtoto wa Chanji akikosa hamu nazo. Theluji ataijulia wapi? Mwalimu Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947 juu ya sanaa ya watoto, aliwaonya walimu kwamba picha zilizokwisha kuchorwa na wakubwa humfanya mtoto ajione hawezi kuchora chake mwenyewe. Nasi Tanzania tunaye Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923 akasoma sanaa Makerere. Hakupata sifa kwa kujaza mistari ya mtu mwingine, bali kwa kuchora watu wa kwao wakiwa kazini.

Twajua watakaotupinga. Watasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, lakini samaki hukunjwa taratibu, ukimkunja kwa hasira humvunja. Wengine watasema fimbo ndiyo iliyowalea wao. Twawajibu kwamba kanuni za Serikali za mwaka 2002 zilimwachia kazi hiyo mwalimu mkuu, au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena kwa makosa makubwa, viboko visizidi vinne, navyo viandikwe daftarini. Kuvuka mstari wa picha ni kosa kubwa tangu lini?

Tena watasema kwamba mtoto akiachwa asipake rangi, mkono wake hautajua kuandika. Hili ni neno la maana, wala hatusemi aachwe akae bure. Mkono sharti ufundishwe. Lakini rangi si njia pekee. Kufinyanga udongo, kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kutunga shanga, kuchora mchangani kwa kidole au kijiti, zote hizo ni kazi za kuvitia vidole nguvu na ustadi. Wazee wa Ufipa waliojenga malungu ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha chuma ndani yake, hawakuanza kwa kalamu za rangi.

Basi twawashauri walimu wenzetu hivi. Kazi ya rangi iwe fupi, na picha iwe ndogo. Wakati wa baridi watoto wasugue mikono kwanza. Wapeni vipande vifupi vya kalamu, maana kipande kifupi hushikwa kwa ncha za vidole, hakikamatwi kwa ngumi. Mwacheni mtoto achore kitu chake, ng'ombe wa baba au chungu cha bibi, achague na rangi aitakayo. Msimlinganishe na mwenzake, mwulizeni tu, "Hapa umechora nini?" kisha msikilizeni.

Nanyi wazazi, mtoto akisema hapendi, msimcheke wala msimtishe. Mpeni kipande cha mkaa na ubao nyumbani, mkae naye kidogo. Mkiona hawezi kufunga kifungo, au huleta kila kitu karibu na macho, mpelekeni kwa mganga wa zahanati aangaliwe.

Mji wetu waitwa Sumbawanga, maana yake tupa uchawi. Wazee walitaka mgeni auache ubaya wake nje kabla ya kuingia. Nasi walimu tukifika mlangoni pa darasa la watoto wadogo, na tuyatupe hapo majina ya mvivu na mkaidi, pamoja na fimbo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kazi yetu ni kuutafuta ubawa wa kila mmoja.